Jinsi ya kuomba kibali cha kuweka sanaa ya sauti kwenye bustani ya manispaa, Mtwara au Lindi

Wadau habari za saa hizi. Hili swali linarudi kila mara kwenye vikundi vya huku kusini: tunataka kumpa msanii kazi atutengenezee kitu kinachotoa sauti, kikae bustanini, watu wapite wasikie wakae wapumzike, sasa tunaanzia ofisi gani? Usitegemee kukuta fomu yenye jina hilo mezani kwa mtu, unaenda na barua, na barua ndo inabeba kila kitu. Na tatizo kubwa la barua nyingi ni kwamba zinaanza na neno sauti, afisa akisoma sauti kichwani kwake inakuja spika na kigodoro mpaka alfajiri, basi inawekwa pembeni. Andika kama unaomba kuweka kitu: kina urefu gani, kinakaa wapi, kinalia saa ngapi, nani anakizima, na muda ukiisha nani anakiondoa. Hilo la mwisho wengi wanaliruka na ndo la kwanza kuulizwa.

Kabla ya msanii tafuta eneo. Si kila sehemu ya wazi ni ya manispaa jamani. Pembezoni mwa barabara utakutana na wenye barabara, TARURA au TANROADS, ukitaka karibu na majengo ya zamani Mikindani ulizia watu wa malikale, na Kilwa Kisiwani na Songo Mnara ni urithi wa dunia tangu 1981 kwahiyo huko usiende na drili. Alafu ufukweni, kila mtu anataka ufukweni, Shangani au Mikindani pale kwenye ghuba, ila Sheria ya Mazingira ya 2004 inazuia shughuli za kudumu ndani ya mita 60 kutoka ukingo wa bahari, sasa kama wazo lako ni zege na mabomba mita kumi kutoka kwenye maji, jua unaingia kwenye mazungumzo marefu na NEMC, wasimamizi wa mazingira wa taifa. Mi ningesogea juu kidogo kwenye miti, kitu chepesi kinachofunguka kwa spana.

Hapa niseme jambo kuhusu wazo lenyewe maana linaamua ugumu wa kibali. Kule Zadar, Kroatia, kuna ngazi za baharini zilizofunguliwa 2005, msanifu Nikola Bašić aliweka mabomba 35 chini yake, mawimbi yanasukuma hewa mabomba yanalia yenyewe, hakuna umeme hakuna spika. Watu wakiona hiyo wanataka iletwe hivyohivyo Mtwara. Shida ni kwamba maji ya kule hayakupwi kama ya kwetu, siku za bamvua, maji yakitoka sana, kingo za ghuba ya Mikindani zinabaki tope tupu, mabomba yatakaa makavu masaa. Upepo ni bora zaidi kwa huku, tena tunao wa kutosha, ila pepo za msimu, kusi na kaskazi, zinatoka pande tofauti kwahiyo msanii akitengeneza midomo ya mabomba upande mmoja tu atapata kazi inayolia nusu mwaka. Au kitu cha kugonga kwa mkono kama marimba kubwa, na mbao tunazo, mpingo huohuo wa Kilwa na Nachingwea ndo unatengenezewa klarineti Ulaya. Ukitumia mpingo nunua wa halali na usiusafirishe bila hati ya TFS, wakala wa misitu, gari litasimamishwa njiani na mradi utaishia hapo. Faida ya vitu visivyo na umeme ni kwamba huhitaji mita ya luku, hakuna betri ya sola ya kuibiwa, na ukimwambia afisa "hakina spika" unaona kabisa uso unalegea.

Ukishapata eneo nenda kwa mwenyekiti wa mtaa na mtendaji wake, omba liingie kwenye mkutano, na mkitoka mpate muhtasari wenye mhuri na orodha ya mahudhurio. Majirani wakali ni msikiti, shule na hospitali, nenda kwao mwenyewe kabla hawajasikia kwa wengine. Kwa msikiti andika kabisa kwenye barua kwamba wakati wa adhana na swala kifaa kiko kimya, na kama ni cha upepo eleza kinafungwaje, maana upepo haujui saa.

Barua inaenda kwa Mkurugenzi wa Manispaa, kupitia kwa Mtendaji wa Kata, kichwa kiwe kifupi, mfano "YAH: OMBI LA KUWEKA KAZI YA SANAA KWENYE BUSTANI (weka jina la eneo) KWA MIEZI 12". Miezi 12 siyo milele, ombi la muda lina wepesi wake. Ambatanisha muhtasari wa mtaa, mchoro wenye vipimo, picha ya eneo mmeweka alama mahali kitakapokaa, usajili wa kikundi, na ukurasa mmoja wa matunzo na kuondoa. Peleka masjala, nakala yako igongwe mhuri wa kupokelewa na tarehe, usimwachie mtu mkononi kwenye korido hata kama ni shemeji yako. Kabla ya hapo pita kwa afisa utamaduni umweleze kwa mdomo, kwasababu barua ikishuka kutoka kwa mkurugenzi mara nyingi inashukia kwake na kwa watu wa mipango miji na mazingira, na afisa aliyeshasikia hadithi anaandika maoni tofauti na aliyeshtukizwa.

Kama mnataka manispaa ndo ilipe, hiyo ni safari nyingine. Mwaka wa fedha unaanza Julai 1, bajeti inapikwa miezi mingi kabla, kwahiyo wazo la mwezi wa tano halina pesa mwezi wa saba. Kisha litapita kwenye kamati na Baraza la Madiwani, na manunuzi yenyewe ni kwenye NeST, mfumo wa serikali wa manunuzi mtandaoni, msanii asiyesajiliwa humo hawezi kupewa kazi hata akiwa hodari vipi. Ile asilimia 10 ya halmashauri kwa vikundi vya wanawake, vijana na wenye ulemavu ni mkopo, unarudishwa, na bomba la upepo halirudishi marejesho. Tafuteni mfadhili, mnunuzi wa korosho, hoteli, yeyote, ila jina lake likiwa kubwa kwenye kazi mtaambiwa ni tangazo na matangazo yana ada yake.

Msanii awe na usajili wa BASATA, baraza la sanaa, unafanyika mtandaoni, na kama anatoka nje ya nchi anza mapema sana na BASATA na uhamiaji pia. Kama kazi inatumia sauti zilizorekodiwa, mfano ngoma za sindimba au wazee wanaoongea Kimakonde au Kimwera, pata ridhaa ya maandishi ya kila anayesikika, na kwa muziki wa mtu mwingine anzia COSOTA, ofisi ya hakimiliki. Sheria ya Hakimiliki ya 1999 inagusa na sanaa za jadi, kwahiyo "hii ni ngoma ya babu zetu" haitoshi.

Kama lazima iwe na spika, fanya kipimo kabla hujaulizwa. Kanuni za kelele za mwaka 2015 zinatofautisha mchana na usiku na aina ya eneo. Sehemu ya wazi sauti inayotoka kwenye spika moja inashuka kama desibeli 6 kila umbali ukiongezeka mara mbili, yaani 70 ukiwa mita moja inakuwa kama 64 mita mbili, 58 mita nne, 52 mita nane, kwahiyo spika ndogo nyingi za sauti ya chini karibu na benchi ni bora kuliko moja kubwa juu ya nguzo. Weka taimeri izime saa 12 jioni.

Malipo yoyote ya ofisi ni kwa kontrol namba, asiyetoa kontrol namba usimpe hata mia.

Mkataba na msanii usainiwe kibali kikishatoka, malipo kwa awamu, na awamu ya mwisho mbakishe mpaka kazi imepita msimu mmoja mzima wa mvua na bado inalia, maana chumvi ya huku inakula nati za kawaida haraka na chochote cha shaba kitaishia kwa watu wa vyuma chakavu. Kazi yenyewe isimikeni mwezi wa tano mvua zikikatika. Siku ya uzinduzi kama kuna mkusanyiko toeni taarifa polisi mapema, hiyo ni barua tofauti. Na ombi la kuongeza muda lipelekwe miezi miwili kabla ya kibali kuisha, masjala ileile, likiwa na picha za hali ya kifaa na nakala ya daftari la nani alikikagua tarehe gani.