Saipresi au mvinje? Kuchagua na kupanda kwenye mchanga wa Pwani

Saipresi ya kawaida (Cupressus lusitanica) ni mti wa Limuru na Lushoto. Ukiuleta kwenye joto, unyevu na chumvi ya bahari unadhoofika, kisha vidukari na kuvu wa vidonda vya shina wanaumaliza. Kagua kiwanja kabla hujaenda kitaluni.

1. Chimba shimo la sentimita 50, mimina ndoo ya lita 20. Maji yakiwa bado yapo kesho yake, chini kuna mwamba au maji ya ardhini yako karibu. Saipresi itaoza mizizi hapo.

2. Tazama mimea iliyopo upande wa kusi. Ikiwa majani yameungua ncha, panda mvinje (Casuarina equisetifolia) tu. Si ndugu wa saipresi, ila sura inakaribiana, na chumvi unaistahimili. Ndio uliofunika machimbo ya saruji ya Bamburi, Mombasa, kuanzia 1971, juu ya matumbawe matupu. Saipresi, ukiitaka kweli, ikae nyuma ya nyumba, na iwe ile nyembamba ya Mediterania. Ile yenye majani ya rangi ya dhahabu iache. Vidonda vya shina huiwahi.

3. Chagua miche ya sentimita 30 hadi 45. Mwombe muuzaji achane tyubu moja: mzizi mkuu ukiwa umejiviringisha chini, achana na fungu lote. Mti wa hivyo huanguka ukishakua, upepo mmoja tu.

4. Panda masika yakishika. Shimo liwe sentimita 60 kila upande, na debe moja la samadi iliyooza vizuri. Kwa mvinje ongeza viganja viwili vya udongo wa chini ya mvinje mzee: una bakteria wa Frankia, wanaoupa mti naitrojeni. Wakikosekana, mche hudumaa na kuwa manjano, na watu huuzidishia maji bure. Ua: mita 1 kati ya miche. Kizuia upepo: mita 2, na mbali na nyumba na shimo la choo.

5. Kiangazi cha kwanza, lita 10 mara mbili kwa wiki. Tandaza makumbi ya nazi, yasiguse shina. Mchwa hupitia hapo.

6. Saipresi ikatwe kwenye kijani tu, maana tawi kavu la ndani halichipui tena. Ukiona tawi limekuwa kahawia na utomvu unatiririka kwenye gome, likate sentimita 10 chini ya kidonda, lichome, na ufute mkasi kwa spiriti kabla ya kugusa mti wa pili.