Kuuangalia Moyo Unapong'ang'ania: Ninavyofanya Alfajiri

Nauza viatu vya mtumba soko la Memorial, hapa Moshi. Zoezi hili la Kibudha nalifanya saa 11 alfajiri, bodaboda hazijaanza kelele. Huhitaji mto maalumu wala ubani. Mimi nakalia kigoda. (Jirani yangu sokoni aliuliza kama nimebadili dini. Jumapili bado niko kanisani.)

Hatua ya 1. Kaa mgongo wima, mikono mapajani. Simu iache chumba kingine, si mfukoni. Dakika 10 zinatosha.

Hatua ya 2. Fuata tumbo. Likipanda, sema kimoyomoyo "linapanda", likishuka, "linashuka". Pumzi usiivute kwa nguvu. Namna hii ilienezwa na mtawa wa Burma, Mahasi Sayadaw (1904–1982).

Hatua ya 3. Hapa ndipo penye kazi. Pumzi nne tano tu, moyo umeshatoroka. Wiki iliyopita wangu ulikwenda kwa mteja aliyechukua raba za shilingi 35,000 kwa mkopo, akazima simu. Kushtuka, namfokea kichwani, taya zimekaza, tumbo nimelisahau kabisa. Ikikukuta hivyo usijilaumu. Taja kilichopo: "hasira". Usiseme "nimekasirika kwa sababu yule bwana...", maana hapo umeshaanza hadithi. "Hasira", basi. Kisha itafute mwilini. Yangu ilikuwa kooni, ya moto, kama nimegugumia chai ya birika.

Hatua ya 4. Jiulize: ni tamu, chungu, au si tamu wala si chungu? Kwa Kipali, lugha ya maandiko ya kale ya Kibudha, hisia hiyo ya awali huitwa vedana. Buddha alifundisha kwamba kwayo huzaliwa tamaa, na tamaa huzaa upadana, yaani kung'ang'ania. Kwa hiyo iwahi pale ingali uchungu mtupu, haijawa kesi.

Hatua ya 5. Usiifukuze. Kuifukuza nako ni kung'ang'ania. Itazame mpaka igeuke yenyewe. Ule moto wangu ulishuka kifuani, ukawa uzito, mara nikamsikia jogoo wa jirani, nikarudi tumboni. Kesho yake ulirudi vilevile, nami nikarudi hatua ya 3.

Wengi hudhani kuachilia ni kusamehe deni. Mimi nilimfuata yule bwana mchana uleule, nikamdai bila kufoka. Akatoa 20,000. Zilizobaki namdai mpaka leo.