Mambo ya kuzingatia kabla ya kupanda meli ya kitalii na watoto wadogo

Meli za kitalii za magharibi mwa Mediterania huzunguka karibu duara lile lile: Barcelona, Marseille, Genoa, Civitavecchia, Napoli au Palermo, kisha kurudi zilikoanzia. Kwa kawaida ni usiku 7. Kwa familia inayotoka Nairobi au Dar es Salaam, au inayoishi Ulaya tayari, ni mahali pazuri pa kuanzia. Mizigo inafunguliwa mara moja tu, chakula kipo karibu saa zote, na mtoto analala kitanda kimoja wiki nzima. Ila mengi yanayoiharibu safari hii yanaanzia mezani, kabla amana haijalipwa.

Cha kwanza ni umri. Kampuni nyingi hazimpokei mtoto aliye chini ya miezi 6 siku ya kupanda, na kwa safari za kuvuka bahari kuu kikomo hupanda hadi miezi 12. Mama mjamzito naye haruhusiwi akiwa atatimiza wiki ya 24 kabla safari haijaisha. Hesabu wiki hizo hadi siku ya kushuka, kwa sababu wengi huhesabu hadi siku ya kupanda, wakazuiwa bandarini, na nauli mara nyingi hairudi.

Kinachofuata ni klabu ya watoto, ambayo ndiyo itakayoamua kama na nyinyi wakubwa mtapumzika. Klabu ya bure mara nyingi huanza miaka 3, na sharti ni mtoto awe ameacha nepi. Walezi hawabadilishi nepi. Watakupigia simu uje mwenyewe. Baadhi ya meli zina chumba cha wachanga, kwa malipo ya saa na nafasi chache zinazojaa siku ya kwanza. Kwa hiyo mtoto wa miaka 2 na miezi 8 anayeelekea kuacha nepi ni heri asubiriwe nusu mwaka. Tofauti ya safari itakuwa kubwa kuliko punguzo lolote la bei.

Nepi hizo hizo zinagusa bwawa la kuogelea. Meli nyingi hazimruhusu mtoto wa nepi kuingia bwawani, hata akivaa nepi za kuogelea, kwa kuwa zinazuia kinyesi kigumu tu na maji ya bwawa yanazunguka yale yale. Ajali moja hufunga bwawa kwa saa kadhaa. Uliza kabla kama meli ina eneo la kuchezea maji linaloruhusu watoto wa nepi. Uliza pia kama bwawa lina waokoaji, maana meli nyingi hazina, na jukumu linabaki kwa mzazi.

Kuhusu njia, usichague meli kwa wingi wa miji iliyoandikwa kwenye tangazo. Chagua bandari ambazo mtoto anaweza kushuka, kutembea na kurudi kabla ya usingizi wa mchana. Napoli meli hufunga gati karibu na katikati ya mji. Genoa nayo ni rahisi: kutoka gatini hadi bandari ya zamani, penye jumba la samaki ambalo watoto hulipenda, ni mwendo wa miguu. Civitavecchia ni habari nyingine. Imeandikwa “Roma”, lakini Roma iko karibu kilomita 80, na ukiweka basi la bandarini, kusubiri treni na safari yenyewe, familia yenye kigari cha mtoto inakula saa tatu au zaidi kwenda na kurudi, kwenye joto ambalo Julai na Agosti hupita nyuzi 30. Wenye watoto chini ya miaka 5 wabaki melini siku hiyo. Mabwawa huwa matupu, klabu ina nafasi, na Roma haihami. Marseille gati la meli kubwa liko mbali na mji, hivyo weka nauli ya basi au teksi kwenye bajeti.

Ukikuta bandari ambayo meli inatia nanga nje na abiria hupelekwa kwa boti ndogo, jua kwamba kigari kitakunjwa na mtoto atabebwa kuvuka pengo kati ya meli na boti. Mbeleko au kibebeo cha mgongoni hapo kina thamani kuliko kigari cha bei kubwa.

Nyaraka zinahitaji muda kuliko kitu kingine. Kwa pasipoti ya Tanzania au Kenya, duara hili linahitaji viza ya Schengen (viza moja inayotumika katika nchi nyingi za Ulaya), inayoombwa kuanzia miezi 6 kabla ya safari na si chini ya siku 15 kabla. Ada tangu Juni 2024 ni yuro 90 kwa mtu mzima, yuro 45 kwa mtoto wa miaka 6 hadi 11, na walio chini ya miaka 6 hawalipi. Bima ya safari lazima ifikie angalau yuro 30,000. Ombi hupelekwa ubalozi wa nchi mtakayokaa siku nyingi zaidi. Siku zikilingana, nchi ya kwanza kuingia.

Tatizo hujitokeza meli inapotoka nje ya Schengen. Ikigusa La Goulette ya Tunisia, Kotor ya Montenegro au bandari yoyote ya Uturuki, huenda ukahesabiwa umetoka, na viza ya kuingia mara moja haitakurudisha. Omba ya kuingia mara nyingi na uambatishe ratiba kamili ya meli. Kisha hakikisha, nchi kwa nchi, kama hizo za nje zinahitaji viza yake kwa abiria wa meli. Kampuni inaweza kukukatalia kupanda kwa ajili ya bandari ambayo hata hukukusudia kushuka.

Beba vyeti vya kuzaliwa vya watoto, hasa pale ambapo mama hatumii jina la mume au watoto wanabeba jina la babu. Ofisa wa mpakani anaona majina yasiyofanana na mtoto asiyejieleza. Mzazi akisafiri peke yake, au bibi akiwa na wajukuu, iwepo barua ya ridhaa ya mzazi asiyekuwepo iliyothibitishwa na wakili. Baadhi ya meli hukusanya pasipoti mapokezi, basi tembea na nakala.

Mtoto mchanga aandikwe tangu siku ya kwanza ya kuweka nafasi. Idadi ya watu kwa kila sehemu ya meli imefungwa na nafasi za mashua za uokozi, na kichanga anahesabiwa mtu kamili. Ukimwongeza baadaye unaweza kuambiwa eneo lenu limejaa, ingawa chumbani kuna nafasi.

Chumba chenyewe kiwe katikati ya meli na sitaha ya chini au ya kati. Omo na tezi, yaani mbele na nyuma ya meli, ndizo zinazopanda na kushuka zaidi. Epuka kilicho chini ya ukumbi wa dansi au jiko. Chumba cha watu wanne mara nyingi kina vitanda viwili vya chini na viwili vinavyoshuka kutoka darini, na hivyo vya juu si vya mtoto mdogo. Kitanda cha kichanga kinaombwa mapema, na kikifunguliwa hakibaki mahali pa kupita. Mlango wa chumba cha kawaida una upana wa karibu sentimita 60, pungufu kidogo kwa baadhi ya meli, na kigari hakiruhusiwi kuachwa koridoni. Chukua chembamba kinachokunjika. Bafu nyingi ni za manyunyu tu, hivyo beseni la plastiki la kujaza upepo linaokoa ugomvi wa kila jioni.

Chumba cha roshani kinapendeza kwa sababu mzazi anaweza kukaa nje mtoto akilala, ila kikague siku ile ile. Jaribu kitasa cha mlango, uliza kama kuna komeo la juu, na sogeza viti na meza mbali na ukingo. Ukingo umejengwa kuwa mrefu kumzidi mtoto. Kiti kinaufuta urefu huo wote. Milango mizito ya kutokea sitahani hubamizwa na upepo, na vidole vidogo hubanwa kwenye upande wa bawaba, siyo upande wa kitasa ambao kila mzazi anauangalia.

Sasa mkoba wa siku ya kwanza. Mizigo mikubwa unaiacha kwa wapagazi bandarini, nayo inaweza kufika chumbani jioni. Wakati huo watoto wameshaliona bwawa. Kwa hiyo mkononi ziwepo nguo za kuogelea, nepi za saa 12, nguo moja ya kubadili kwa kila mtu, maziwa, dawa zote, nyaraka na chaja. Soketi za meli nyingi za Ulaya ni za matundu mawili ya mviringo, wakati plagi za Kenya na Tanzania ni za miguu mitatu bapa, basi adapta mbili. Pasi, birika la umeme na mishumaa hutaifishwa kwenye ukaguzi kwa hofu ya moto, pamoja na aina nyingi za ekstensheni.

Nepi zihesabiwe: mtoto anayetumia 6 kwa siku, kwa siku 8, ni 48, ongeza robo kwa ajili ya kuhara, zinakuwa 60. Duka la melini linaweza kukosa saizi yako, na bei yake haina mshindani.

Chakula cha mtoto kina sheria mbili za kujua. Umoja wa Ulaya hauruhusu abiria kutoka nje kuingiza nyama wala maziwa, lakini maziwa ya unga ya mtoto na vyakula vya watoto vinaruhusiwa hadi kilo 2 kwa mtu, vikiwa vya kiwandani, kwenye pakiti isiyofunguliwa, na visivyohitaji friji. Sheria ya pili ni ya meli: chakula kilichopikwa nyumbani hakipandi. Unga wa lishe unaohitaji kuchemshwa hautakusaidia, maana hakuna jiko la kupikia. Chukua uji wa kukoroga na maji moto. Maji moto yanapatikana bafe muda wote. Mhudumu wa mezani akiombwa usiku mmoja kabla, jikoni watakusagia karoti, viazi au kuku bila chumvi. Familia za Kiislamu ziandike ombi la chakula wiki kadhaa kabla, na kwa maandishi ziulize kama nyama ni ya halali yenye cheti au ni “bila nguruwe” tu. Jibu la pili ndilo la kawaida zaidi, na hapo samaki na mboga ndilo chaguo salama.

Bahari ikichafuka, na hasa kati ya Barcelona na Marseille kwenye Ghuba ya Lion ambako upepo wa mistral hushuka kwa nguvu, mtoto hulegea na kupauka kabla hajatapika. Mtoe nje, atazame upeo wa macho, apewe biskuti kavu na maji kidogo kidogo. Dawa za kichefuchefu zisitolewe kwa kubahatisha: promethazine haifai kabisa kwa mtoto chini ya miaka 2, na viraka vya kubandika nyuma ya sikio ni vya watu wazima. Pata ushauri wa daktari kabla, kwa uzito wa mtoto.

Kuhara na kutapika kwa virusi vya norovirus huenea haraka melini, na dawa ya mikono ya alkoholi haiviui ipasavyo. Maji na sabuni, sekunde 20, kabla ya kila mlo. Beba pakiti kadhaa za ORS (unga wa kurudisha maji na chumvi mwilini) na dawa ya homa mnayoijua. Ukitoa taarifa mtoto atazuiliwa chumbani kwa siku moja au mbili. Toa taarifa hata hivyo. Zahanati ya meli hutoza bei za juu na huiweka kwenye bili yenu, hivyo bima iwe inataja matibabu baharini na kuhamishwa kwa dharura.

Zoezi la dharura hufanyika kabla meli haijaondoka au mara tu inapoondoka, na wachanga pia wanahusika. Siku hiyo hiyo mwombe mhudumu wa chumba jaketi za uokozi za saizi ya watoto na uwavalishe kuzijaribu. Wakipewa bangili yenye namba ya kituo chao cha kukusanyikia, wasiivue hadi mwisho.

Fedha: akaunti ya melini huunganishwa na kadi, na kadi za kulipia kabla mara nyingi hukataliwa. Kadi ya benki ya kawaida itazuiwa kiasi fulani ambacho huchukua siku kadhaa kurudi, basi usiitegemee hiyo hiyo kwa hoteli. Bakshishi ya kila siku hutozwa kwa kila abiria. Watoto mara nyingi hulipa nusu au hawalipi, kulingana na kampuni. Simu iwekwe hali ya ndege kabla ya kuondoka gatini, kwa kuwa mtandao wa baharini hutoza ghali mno.

Usiku wa mwisho mizigo hutolewa koridoni kabla ya kulala. Bakiza nguo za asubuhi, viatu na nepi. Kuna familia hushuka na mtoto wa pajama kila wiki. Chumba hukabidhiwa mapema, karibu saa 2 asubuhi, na ndege ya kurudi isiwekwe kabla ya saa 7 mchana.