Somo: Kuanza kuandikiana na Waarmenia wa ughaibuni

Wengi huanza kwa kukariri herufi 38, na hapo ndipo wanapojikwaa, maana herufi ileile hutamkwa tofauti kutegemea unaongea na Mwarmenia wa wapi. Mjue mtu kwanza, alfabeti baadaye.

Hatua ya 1: Tambua Kiarmenia chake

Kiarmenia sanifu kiko cha namna mbili. Cha Mashariki ni cha Armenia yenyewe na Iran, na wahamiaji wengi walioko Urusi. Cha Magharibi kilikuwa cha Waarmenia wa dola ya Waosmani. Walionusurika mauaji ya kimbari ya 1915 walikibeba hadi Beirut, Aleppo, Marseille na Buenos Aires, hata Addis Ababa, ambako yatima 40 waliochukuliwa Jerusalem mwaka 1924 walifanywa bendi ya kifalme. Kule Glendale, California, utawakuta wote.

Soma alichoandika kabla ya kumuuliza. Neno la "asante" likiishia -ություն, hiyo ni tahajia mpya iliyoanzishwa Armenia ya Kisovieti mwaka 1922 na kurekebishwa 1940. Likiishia -ութիւն, ni tahajia ya kale, ambayo watu wa Magharibi huitumia. Usiishie hapo lakini: Waarmenia wa Iran huongea cha Mashariki na kuandika kwa tahajia ya kale. Tazama na kitenzi. "Ninaandika" kwa Mashariki ni գրում եմ (grum em), kwa Magharibi ni կը գրեմ (gë krem; ë ni irabu hafifu ը, tutaifikia).

Hatua ya 2: Sauti

Hapa mtu wa Mombasa au Lamu ana mtaji. Kama ukitamka unatofautisha paa la nyumba na p'aa wa porini, au kaa la moto na k'aa wa baharini, tayari unazo sauti ambazo wengine huzitolea jasho. Weka kiganja mbele ya mdomo: kwa p'aa utasikia pumzi, kwa paa hutaisikia.

Mashariki ina safu tatu: բ ni b, պ ni p ya paa la nyumba, փ ni p ya mnyama. Magharibi zimebaki mbili, tena zimepinduka: պ ndiyo b, na բ na փ zote ni p yenye pumzi. Mchezo ni uleule kwa գ na կ (g na k za Mashariki), na kwa դ na տ (d na t). Ndiyo maana Grigor wa Yerevan ni Krikor wa Beirut, Petros ni Bedros, Karapet ni Garabed.

Խ ni kh ya kheri, ղ ni gh ya ghali. Inayotusumbua ni ը, irabu hafifu ambayo mara nyingi husikika bila kuandikwa. Գրել (kuandika) kwa Mashariki husikika gërel, na ulimi wa Mswahili hukimbilia "girel" au "gurel". Usiijaze.

Hatua ya 3: Kibodi

Kwenye simu ingia mipangilio, lugha, kisha ongeza Հայերեն (Kiarmenia). Kwenye kompyuta chagua mpangilio wa fonetiki. Herufi 38 hazienei kwenye vitufe 26, kwa hiyo nyingine zimehamia safu ya tarakimu. Usiyoiona, itafute huko.

Alama ndizo huwaumbua wageni. Nukta ya mwisho ni ։ nayo inafanana na nukta pacha. Alama ya kuuliza haikai mwishoni, hukaa kwenye irabu ya neno linalouliza: Ինչպե՞ս եք։ (hamjambo?). Andika mpaka ե, bonyeza ՞, ndipo umalizie ս.

Hatua ya 4: Salamu

Mkubwa, au usiyemzoea, huongeleshwa kwa wingi: Բարև ձեզ, husomwa barev dzez. Magharibi huandika Բարեւ ձեզ na kusema parev tsez. "Jan" baada ya jina ni neno la mapenzi, mfano Ani jan. Mwache mwenzako aanze.

Maswali ya wanachama

*Mwalimu, niko Dubai, bosi wangu jina linaishia -ian. Ni wa Magharibi?*

Huenda, ila mwisho huo pekee hautoshi. -ian na -yan ni kitu kimoja, maana yake "wa ukoo wa". Pasi za Armenia huandika -yan, lakini Waarmenia wa Iran nao hutumia -ian. Angalia konsonanti: Hagopian ni Magharibi, Hakobyan ni Mashariki.

*Nilimwandikia rafiki wa Beirut "կգրեմ" nikimaanisha nitaandika. Akauliza, mbona sioni kitu?*

Kwake umesema unaandika sasa hivi. Կգրեմ ni "nitaandika" kwa Mashariki tu. Yeye husema պիտի գրեմ, na ukimpelekea hiyo mtu wa Yerevan atasikia "lazima niandike". Programu nyingi za tafsiri hutoa cha Mashariki bila kukuambia, basi ukinakili humo mtego ni huu.

*Ndugu zangu, nimepokea "@nker jan, vonc es". Hiyo @ ni ya nini?*

Ni ը kwa wanaoandika kwa herufi za Kilatini, na c hapo ni ց (ts). Anasema: rafiki mpenzi, u hali gani? Wengine hukerwa na maandishi hayo, kwa hiyo jibu kwa herufi za Kiarmenia ukiweza.

*Krismasi niwatakie lini? Na tarehe 24 Aprili niseme nini?*

Kanisa la Kitume la Armenia huadhimisha kuzaliwa kwa Yesu tarehe 6 Januari. Mtu akikuambia Քրիստոս ծնաւ եւ յայտնեցաւ (Kristo amezaliwa na amedhihirishwa), jibu lake ni Օրհնեալ է յայտնութիւնը Քրիստոսի. Tarehe 24 Aprili ni kumbukumbu ya Waarmenia waliokamatwa Istanbul mwaka 1915 na wote waliouawa baadaye. Siku hiyo hakuna heri wala hongera. Toa pole kwa sentensi moja, na swali lako la sarufi lisubiri kesho.