Kushusha boti ya faiba ufukweni Dar bila kukwama

Hizi ni hatua za boti ya futi 16 hadi 20 yenye mashine ya nyuma, ikivutwa na gari inayosukuma tairi zote nne.

1. Soma maji kabla hujafunga trela. Fukwe za Kunduchi na Msasani zimelala, na maji ya bamvu (maji makubwa ya mwezi mwandamo na mwezi mpevu) hupanda na kushuka zaidi ya mita 3. Mwezi ukiandama au ukiwa mpevu, maji hujaa karibu saa 10 alfajiri na saa 10 jioni, hupwa saa 4 asubuhi. Kila siku inayofuata sogeza mbele dakika 50 hivi. Ukishusha saa 11 alfajiri, usirudi saa 4: boti itakalia mchanga mbali na trela. Rudi kuanzia saa 8 mchana, maji yakipanda. Wengi hupiga hesabu ya kutoka tu.

2. Ukiwa bado mchanga mkavu, funga kizibo cha tezi, yaani sehemu ya nyuma ya boti (hakuna kinachosahaulika kama hiki), fungua mikanda ya nyuma, inua mashine. Mkanda wa winchi (kifaa cha kuvutia boti kwenye trela), ulioko omo, yaani mbele ya boti, usiuguse. Shika vitovu vya magurudumu ya trela: vikiwa vya moto, subiri nusu saa. Beringi ya moto ikizama ghafla huvuta maji ya chumvi ndani, na haikai muda mrefu.

3. Punguza upepo wa tairi za gari hadi psi 18. Rudi nyuma polepole, mtu mmoja ameshika kamba ya omo. Tezi ikianza kuelea ndipo ufungue winchi. Ukifungua mapema, boti inateleza na kuangukia mchanga.

4. Shusha mashine maji yakifika kiunoni. Legeza tundu la hewa la tangi, minya pampu ya mkono mpaka iwe ngumu, washa. Maji yasipotoka kwenye tundu la kupoza, zima mara moja. Mpira wa pampu ya maji ya kupoza huungua haraka.

5. Mafuta gawa mara tatu: kwenda, kurudi, akiba. Wakati wa kusi, yaani upepo wa kusini, ongeza akiba.

Jaketi la kujiokolea kwa kila kichwa, na leseni ya uvuvi mfukoni. Bongoyo, Mbudya, Pangavini na Fungu Yasini ni maeneo tengefu tangu 1975, kwa hiyo mshipi usitupwe huko.

Ukirudi, endesha mashine kwa maji baridi (yasiyo na chumvi) dakika 10, kisha suuza trela, hasa beringi na breki.