Kuchapa lebo kwenye kichwa cha kibiringo cha uzi

Wateja wangu wa Mtaa wa Biashara hawafungui nailoni ili wajue rangi. Hutazama kichwa cha kibiringo tu. Basi chapa hapo namba ya rangi, mita na unene. Unene usikosee hata kidogo: uzi wa 120 ni mwembamba kuliko wa 40, na fundi akishonea jinzi ule wa 120 utamkatikia.

Mashine yangu ni ya mkono. Wino hujaa kwenye maandishi yaliyochongwa juu ya bamba la chuma, wembe hukwangua uliozidi, kisha mpira laini wa silikoni huokota maandishi na kuyabandika kwenye plastiki. Pangusa plastiki kwa spiriti kwanza. Ikiwa ni polipropilini, ipitishe haraka kwenye moto wa gesi, la sivyo wino utabanduka kwa kucha.

Mpira usipookota, usiukandamize zaidi. Mara nyingi wino umeanza kukauka. Tia thina matone mawili, ukoroge. Mimi huzima feni kabisa, joto letu hili nalivumilia, maana upepo hukausha bamba.

Kesho yake bandika selotepu juu ya maandishi, uivute. Yakibaki, pakia.