Kupanga vipande vya skrubu pacha kwa unga wa uji wa muhogo na mbaazi

Dada mmoja wa Nachingwea aliniuliza: "Kaka, kipimajoto kinaonyesha nyuzi 140, mbona uji bado una ladha ya mbaazi mbichi?" Mashine yake ni ekstruda ya skrubu pacha: shafti mbili zilizovalishwa vipande vya skrubu, zinazunguka ndani ya bomba la chuma (bareli) na kuupika unga huku zikiusukuma. Tulipoifungua tukakuta vipande vyote kwenye shafti zake ni vya kusukuma tu. Unga ulikuwa unapita mbio, haukandwi wala haubanwi. Kwenye mashine hizi hita za nje ni wasaidizi. Joto kubwa linalopika hutokana na msuguano wa unga wenyewe, na msuguano huo unategemea umepanga nini kwenye shafti.

Ninazungumzia skrubu zinazozunguka upande mmoja, meno yameingiliana, na vipande vyake vinavalishwa kimoja kimoja.

Hatua ya 1: Unga. Koboa mbaazi, saga, chekecha. Muhogo mchungu uloweke na kuukausha vizuri kwanza. Usiitegemee mashine ikuondolee sumu; Mtwara konzo, ugonjwa wa kupooza miguu unaoletwa na sumu hiyo, tunaijua. Kama unatia ufuta, uchanganye baadaye, unga ukishapikwa, kwa sababu mafuta yake hufanya unga uteleze ndani ya bareli badala ya kusuguana.

Hatua ya 2: Toa shafti bareli ikiwa bado ya moto, kisha safisha.

Hatua ya 3: Panga vipande. Hapa usiharakishe.

Chini ya mdomo wa kulishia weka vipande vya kusukuma ambavyo meno yake yameachana, maana unga mkavu ni mwepesi na umejaa hewa. Fuatisha vyenye meno yaliyokaribiana ili uanze kushindiliwa. Kisha weka vipande vya kukandia, vile vya diski zilizopishana. Mimi napenda diski zilizopishana kwa nyuzi 45 kuelekea mbele: zinakanda huku zinasogeza. Zilizopishana kwa nyuzi 90 hukanda zaidi lakini hazisogezi chochote, kwa hiyo lazima kinachotoka nyuma kiwe na nguvu ya kuzipitisha. Diski nene huponda, nyembamba huchanganya.

Halafu kinakuja kipande cha kurudisha nyuma, ambacho meno yake yamegeuzwa. Sehemu kubwa ya bareli hufanya kazi ikiwa nusu tupu. Kipande hiki husukuma unga urudi ulikotoka, hivyo unga hujaa nyuma yake kama maji ya mfereji yaliyokutana na kizuizi, mpaka shinikizo litoshe kuupenyeza. Pale palipojaa ndipo unapopikwa: unakaa muda mrefu zaidi, unabanwa, unasuguana, na wanga unaiva.

Mahali pake ni muhimu kama kipande chenyewe. Kikiwa karibu mno na mdomo wa kulishia, mvuke na unga vitarudi juu. Kikiwa chini ya tundu la kutolea mvuke, unga utafurika humo. Na baada yake lazima viwepo tena vipande vya kusukuma, vya meno ya karibu, vijenge shinikizo la kupitisha unga kwenye sahani ya matundu iliyo mwisho wa bareli.

Nashauri kipande cha kurudisha kimoja tu, kifupi, urefu wake usizidi kipenyo cha skrubu. Unga wa muhogo una wanga mwingi na unanata haraka; ukiweka viwili vitatu, mota italemewa na unga utatoka wa kahawia wenye harufu ya kuungua. Ukisagwa sana, wanga hukatikakatika na uji huwa mwepesi. Kwa mtoto mdogo wepesi huo, ukiwa wa kiasi, ni faida kubwa: unaongeza unga kwenye kikombe kilekile na bado anakunywa bila shida. Kwa vitafunwa vya kufura, ukizidi hupati kitafunwa kizuri.

Hatua ya 4: Valisha. Kila kipande cha kushoto kina mwenzake wa kulia, wa aina ileile na urefu uleule. Kwa skrubu zenye njia mbili za meno, wenza hao hupishana robo mzunguko. Shafti ina mifereji ya kushikia vipande; ukikosea mfereji mmoja, vitagongana. Futa nyuso zinazogusana, kwani ukoko mwembamba tu huacha mwanya na unga hupenya mpaka kwenye shafti. Zungusha kwa mkono mzunguko mzima kabla ya kuwasha mota, na upige picha ya mpangilio.

Hatua ya 5: Washa. Anza na maji mengi, mwendo mdogo, unga kidogo. Punguza maji taratibu mpaka unyevu wa unga uwe kwenye asilimia 20 hivi, ukitazama ampea za mota kuliko kipimajoto. Umeme ukikatika, fungua mashine mara moja. Unga ukipoa ndani utakuwa jiwe.

Koroga kijiko cha unga kwenye maji ya moto uonje. Ukiwa bado mbichi, punguza maji kwanza. Isiposaidia, ongeza kipande cha kukandia kabla ya kile cha kurudisha. Usiongeze cha kurudisha cha pili.